Majani ya Mkungu Yasiyofagiwa

Jumatatu, 13 Julai 1953

Nimemuua mtu kwa mdomo wangu. Jina lake silijui, wala sijui kama amewahi kuishi. Baba sijamwambia. Jumamosi nilikwenda kuungama, nikataja uvivu na hasira, hili nikaliruka. Wewe daftari ndiwe wa kwanza kusikia, na nakuomba uwe wa mwisho.

Mimi ni Melania, binti Januari, mtunza bustani wa nyumba ya inginia hapa mgodini Geita. Shule ya masista niliimaliza Desemba. Mwezi wa tano Baba alianguka kutoka kwenye ngazi akikata tawi la mninga, mguu ukavunjika chini ya goti. Bwana, yaani inginia mwenyewe, alisema kazi haiwezi kumngoja mtu aliyelala. Baba akasema binti yake ataishika. Bwana akaitazama mikono yangu kama mtu anayenunua jembe, akasema, "Mpaka mvua. Bustani ikiharibika, mnaondoka." Vyumba viwili tunavyokaa nyuma ya jiko ni vya kazi. Kazi ikienda, na vyumba vinakwenda. Kwetu Kagongwa, kwa ndugu zake Baba, shamba lilishagawanywa tangu Mama alipofariki, hatuna fungu.

Sasa ni kiangazi. Mikungu miwili, ile miti ya kungu, iliyo mbele ya baraza imeanza kugeuza majani. Jani moja huwa kijani upande huu, jekundu kama nyama upande ule, kisha linaanguka lote. Mninga nao umeanza umanjano. Asubuhi ya kwanza nilifagia yote kama nilivyolelewa. Memsahibu, mke wa inginia, akatoka na kikombe chake, akautazama udongo mtupu, akaniambia, "Hapana fagia. Acha. Mimi nataka nyekundu." Ana kiti chake pale na ubao wa kuchorea picha. Anasema kwao kuna miezi ambayo nchi nzima inakuwa hivi, na hapa amepata mikungu hii miwili tu.

Kwa hiyo nayaacha. Ila bustani inaonekana kutoka njia ya kwenda bombani, na kila mtu wa layini, zile nyumba za wafanyakazi, hupita pale. Na kwetu, ua usiofagiwa ni ua uliofiwa. Nyumba yenye matanga haishiki ufagio mpaka siku ya kuyaondoa, na hata siku hiyo mfiwa hajifagilii mwenyewe, hufagiliwa. Kama hakuna maiti, basi kuna mwanamke mvivu. Jambo la tatu hakuna.

Ijumaa bombani walikuwapo Mama Ghati, mke wa mchimbaji mmoja wa Musoma, na Mwanaima wa Tabora anayeuza vitumbua, na wengine. Nikaamkia. Mama Ghati akaitikia marahaba, kisha akawauliza wenzake, si mimi, kama siku hizi masista wanafundisha kulala juu ya takataka. Mwanaima akasema labda ufagio umesahauliwa darasani. Wakacheka. Mimi nikizungumziwa mbele ya watu, shingo huwaka moto na maneno hukimbia. Nilitaka kusema memsahibu anapenda majani. Nikaona watakavyozidi kucheka. Nikasema, "Kuna msiba."

Mama Ghati akauliza nani. Nikasema, "Mtu wa memsahibu. Ulaya."

Akanitwika ndoo yangu yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemvika mgonjwa.

Alhamisi, 16 Julai

Ndoo arobaini. Waridi linakunywa kuliko ng'ombe. Mgongo.

Jumapili, 19 Julai

Baada ya misa wanawake watatu wameniuliza memsahibu anaendeleaje. Nimesema anajikaza.

Jumatano, 22 Julai

Leo nilidhani nimeokoka, kwa sababu Donatus mpishi aliniita jikoni akaniuliza kuhusu maneno ya layini. Donatus ndiye anayepokea barua na kubeba chai, anajua kila kinachoingia nyumba ile. Nilifikiri atasema ni uongo na yataisha hapo hapo, hata kama kwa aibu. Niliendelea kukwaruza sufuria.

Nadhani kilichomuuma ni kwamba habari ilimpita yeye ikatoka kwa msichana wa bustani. Akajikohoza, akasema yeye alijua siku nyingi ila si tabia yake kutangaza mambo ya mezani. Jioni nikamsikia getini akiwaeleza watu kwamba ni mama mzazi wa memsahibu, na barua ilikuja na ukingo mweusi wa msiba, na yeye ndiye aliyeipeleka kwenye sinia.

Sasa marehemu ana cheo. Ni mama wa mtu.

Ijumaa, 24 Julai

Vumbi. Nimemwagilia. Nimelala.

Jumanne, 28 Julai

Memsahibu anachora kila asubuhi. Ameniita nikatazame. Picha ina mkungu wa kushoto wote, na zulia la majani chini yake, mengine mekundu, mengine ya rangi ya kutu, na moja la zambarau ambalo sikuwa nimeliona mpaka nilipoliona kwenye karatasi. Nikageuka, kweli lilikuwapo. Amesema atampelekea mama yake Krismasi.

Nilisema ni nzuri, nikarudi kwenye ndoo zangu.

Jumamosi, 1 Agosti

Siku ndefu. Nitaandika yote ingawa macho yanafumba.

Saa nne asubuhi Mama Ghati alikuja na wanawake wanane kwa mlango wa nyuma. Walikuwa na kuni na vikapu vya unga, wamejifunga khanga kiunoni kama inavyofungwa msibani. Mwaka huu mahindi hayakujaa. Mama Ghati ana watoto watano, na najua unga ule aliupima kwa kikombe kabla ya kuuleta. Wakaketi chini, kimya, kuelekea baraza.

Memsahibu akatoka. Alidhani wanauza. Akaniuliza bei gani. Nikasema si wa kuuza, wameleta salamu. Akafurahi, uso ukawa mwekundu, akawapa mkono mmoja mmoja, akaingia ndani akatoka na vipande vya sabuni, kila mmoja kipande chake. Alikuwa anatabasamu wakati wote. Niliona wanawake wanatazamana, nikajua wanautazama ule uso mkavu.

Walipokuwa wanatoka Mwanaima alimwambia mwenzake kwamba Wazungu hulia kwa ndani, ndiyo maana wanaugua ini. Mama Ghati alisema, "Muacheni. Hata mimi kifo cha kaka yangu nilicheka siku tatu kabla ya kulia." Halafu akanigeukia. Akaniambia nimepata kazi nzito, mguu wa baba na msiba wa tajiri, na kwamba siku ile ya bombani alikosea kunicheka.

Mama Ghati ameniomba radhi, mimi. Nilikuwa namwogopa mwanamke huyu. Naandika na unga wake uko pale jikoni, Donatus ameupokea kwa niaba ya nyumba.

Ningeweza kusema leo. Walikuwa wameketi, walikuwa wamenyamaza, wote walikuwa wananitazama mimi. Ni sababu hizo hizo zilizonifunga.

Jumatatu, 3 Agosti

Baba amejua juu ya "msiba". Donatus amemwambia. Ameniuliza kwa nini sikumpa habari, angetuma pole. Nikasema nilisahau. Ametuma pole kwa kinywa cha Donatus. Donatus sidhani kama ameifikisha.

Jumamosi, 15 Agosti

Misa ya Bikira Maria. Sikupokea komunyo. Baba hakuniuliza.

Jumatano, 19 Agosti

Mkungu wa kulia umebaki majani ya kuhesabika. Mninga wote manjano. Upepo ukija, kinachoanguka si jani moja moja bali kapu zima. Bogenvilia ya ukutani imewaka kupita kiasi, na haijamwagiliwa hata tone. Baba anasema ndiyo tabia yake, ukiipa maji inatoa majani, ukiinyima inatoa maua. Alipokuwa mzima sikujua kwamba anajua mambo kama haya. Nilidhani yeye ni mtu wa ndoo tu.

Majani yamefika vifundoni. Memsahibu anatembea ndani yake akiyapiga teke polepole apate kuyasikia.

Jumapili, 30 Agosti

Bwana na memsahibu wanakwenda Mwanza kesho, siku tano. Memsahibu ameniambia nifunike ubao kwa turubai na nisiguse kitu. Amebakiza pembe moja ya chini ya picha, pale majani yalipolala juu ya mizizi. Ameniambia mara mbili, "Hapana gusa, Melania. Nikirudi, namaliza."

Jumatano, 2 Septemba

Wamefagia.

Alhamisi, 3 Septemba

Jana sikuweza kuandika zaidi ya neno lile.

Mapambazuko nilisikia watu getini. Wanawake ishirini na wawili, kila mmoja na ufagio wake, na Mama Ghati mbele. Akaniambia wamehesabu, arobaini zimekwisha kupita, zimekaribia hamsini na tano, na mama wa watu bado amekaa katika takataka za matanga kwa sababu hana ndugu wa kumfagilia. Hana dada hapa, hana wifi. "Tumengoja Wazungu wenzake waje, hawakuja. Basi tutamfagilia sisi. Akirudi akute nyumba imepoa."

Nilishika komeo la geti. Nakumbuka lilikuwa baridi. Nikasema memsahibu hayupo. Akasema ndiyo vizuri, mfiwa hatazami. Nikasema ngojeni. Akasema, "Tungoje nini, mwanangu?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Nikafungua geti.

Walijipanga mstari, migongo imeinama, wakaanza kwenye baraza kushuka chini. Sijaona watu wakifagia vile. Hawakuzungumza. Majani mekundu yalikwenda mbele yao kama maji, yakakutana na ya manjano, yakawa vilima saba. Walifagia chini ya bogenvilia, wakafagia hadi ukutani, wakaokota kwa vidole yaliyonasa kwenye miiba ya waridi. Kisha wakachoma, kwa maana takataka za matanga hazilali. Mwanaima akanyunyiza maji. Jua lilipotoka, ua ulikuwa mwekundu mtupu wa udongo, na alama za fagio kama mawimbi kwenye mchanga.

Baba alisikia fagio akatoka kwa mkongojo, mara ya kwanza tangu Mei. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akawashukuru kwa sauti ya juu kwa niaba ya nyumba. Akataja jina la kila aliyemjua.

Turubai lilikuwa bado limefunika picha. Hawakuligusa.

Jumamosi, 5 Septemba

Wamerudi saa tisa. Memsahibu alishuka garini akasimama. Hakulia wala kugomba. Alitembea hadi chini ya mkungu, akaangalia chini, akauliza, "Nani?" Nikamtazama miguu.

Bwana alimwita Baba. Baba akaja kwa mkongojo, mwenye fahari, akasema wanawake wa layini wamefagia kwa heshima. Bwana akauliza heshima gani, nani aliwaruhusu wanawake ishirini kuingia na kuwasha moto karibu na nyumba. Baba akasema, "Mimi nipo, Bwana. Niliwashukuru mimi." Hakujua anachokibeba. Alidhani Bwana amesahau kidogo desturi na atakumbushwa.

Bwana amesema mwisho wa mwezi tuondoke.

Baba ameketi kitandani tangu hapo. Ananiuliza mimi, kwa sababu nilisoma: "Melania, nilisema nini kibaya?"

Jumapili, 6 Septemba

Asubuhi kabla ya misa nilimwambia Baba. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nikikoroga uji, vinginevyo nisingeweza. Uji ukashika chini. Mwisho akasema, "Ningejua, nisingeshukuru kwa sauti kubwa hivyo." Kisha, "Mimi siwezi kukusemea. Nikisema mimi, wataona mzee anasingizia mtoto wake apate kubaki."

Nikaenda barazani. Nilikuwa nimeandika maneno kwa Kiingereza cha shule kwenye karatasi, nikashindwa kuyasoma, nikasema kwa Kiswahili. Nikaeleza ua usiofagiwa maana yake nini. Nikaeleza bombani. Nikaeleza unga wa nini, na kimya cha nini, na kwa nini wanawake ishirini na wawili waliamka gizani kumfagilia. Nikasema Baba hakujua. Nikasema, "Nilimuua mama yako, memsahibu. Naomba unisamehe. Baba asiondoke kwa ajili yangu."

Aliuliza mambo mawili. La kwanza, "Unga ule, wao wanacho kingine?" Nikasema kidogo. La pili aliuliza akiwa anatazama ua. "Wewe ulimwambia mimi. Wao umewaambia?"

Nikasema bado.

"Mama yangu mzima. Ana miaka themanini, anaendesha baiskeli." Sikujua kama anacheka. "Nenda waambie. Halafu mimi nasema na Bwana. Kwanza wewe."

Nimerudi chumbani. Kumwambia yeye ilikuwa kama kuruka mtaro. Ninaloambiwa sasa ni bonde.

Jumatatu, 7 Septemba

Nilifika bombani mara mbili. Mara zote nimeteka maji nikarudi.

Jumanne, 8 Septemba

Vile vile. Baba ameanza kufunga vyombo.

Jumatano, 9 Septemba

Nimesema.

Nilimkuta Mama Ghati na Mwanaima na wengine kama sita. Sikuamkia kwanza, nilijua nikianza na shikamoo nitaishia hapo. Niliweka ndoo chini nikasema: "Hakuna aliyekufa. Mama yake memsahibu ni mzima, kikongwe anayeendesha baiskeli. Memsahibu anapenda majani tu. Mlinicheka nikadanganya."

Maji yalikuwa yanamwagika bombani na hakuna aliyeyafunga. Mwanaima aliketi juu ya ndoo yake aliyoipindua. Mmoja akaanza kucheka, akanyamazishwa. Mama Ghati akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo nilimpimia nani unga?"

Akaendelea yeye mwenyewe.

"Watoto wangu walikunywa uji mwepesi siku nne. Niliwaambia kuna bibi amekufa mbali, hana watu. Yule mdogo wao akamwombea." Alinikaribia. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. "Unajua kifo kikiitwa huwa kinasikia?"

Nikasema najua.

Walijitenga wakasemezana, Kisukuma na Kikurya na Kiswahili kwa pamoja. Nilisimama na ndoo zao kama mshitakiwa. Mama Ghati akarudi na hukumu. Walinifagilia ua mmoja, wanawake ishirini na wawili. Nitawafagilia nyua ishirini na mbili, kila alfajiri ua mmoja isipokuwa Jumapili, kabla ya kazi yangu. Na unga watadai kwa Donatus, ambaye aliupokea na kuula.

Nilikuwa nimeinama kuchukua ndoo aliponishika mkono. Sasa alikuwa ananong'ona, na nilishangaa kuona kwamba ana haya.

"Mume wangu asijue. Wala mume wa yeyote hapa. Wakisikia tuliamka usiku wa manane kumfagilia kikongwe anayeendesha baiskeli, hatutakaa layini hii. Mpaka kaburini watatuimba."

Mwanaima akasema, "Na Donatus aachwe na barua yake ya ukingo mweusi. Imemkaa vizuri."

Hapo walicheka, hata Mama Ghati, akiwa bado amenikasirikia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka mpaka meno.

Ijumaa, 11 Septemba

Memsahibu amesema na Bwana. Nilisikia sauti, si maneno. Bwana amekuja mwenyewe hadi mlangoni petu akamwambia Baba, "Mpaka mvua, kama tulivyosema." Baba amefungua vyombo alivyofunga.

Ua wa kwanza. Nimeanza.

Jumatatu, 21 Septemba

Nyua tisa. Wengine wananipa uji, wengine wananitazama kutoka mlangoni mpaka nimalize. Memsahibu ameacha picha na pembe yake nyeupe. Anasema hataki kukisia. Lakini mkungu wa kushoto haujasikia kwamba matanga yamekwisha. Umeangusha tena, kama viganja ishirini vyekundu, juu ya udongo uliofagiwa. Leo nimemwona ameketi karibu nayo na brashi.

Jumamosi, 3 Oktoba

Ua wa ishirini. Miyombo ya mlimani imechipua majani machanga mekundu, mlima mzima, kabla ya tone la mvua. Nimesimama na ufagio nikatazama hadi mwenye ua akaniuliza kama nimefika kufagia au kuposa.

Jumanne, 6 Oktoba

Ua wa ishirini na mbili ni wa Mama Ghati. Alijiweka mwisho kwa makusudi. Alinisimamia. Akanirudisha mara tatu, chini ya kichanja cha vyombo, nyuma ya banda la kuku, kwenye kona ambapo hakuna mtu atakayetazama mpaka mwisho wa dunia. Nilipomaliza aliukagua wote, akasema, "Ndiyo. Sasa unajua kufagia." Hakusema tumesameheana. Aliniitikia marahaba nilipoaga, kwa sauti ya kawaida, na nikaona hiyo inatosha kwa leo.

Jumatano, 21 Oktoba

Mvua ya kwanza, saa kumi jioni. Majani yote yaliyobaki yameshikana na udongo, hayafagiki tena. Baba ametoka na fimbo moja badala ya mkongojo, akasimama mvuani akiagiza mifereji izibuliwe. Bwana alimwona kutoka dirishani. Baadaye akamtuma Donatus kusema kesho saa kumi na mbili Januari aripoti kazini.

Jioni hii nimelala kabla ya giza kwa mara ya kwanza tangu Mei, kisha nikaamka nimechoka vile vile.

Nawe uliyefika hapa kwa kusoma, umeshajua yote. Yangu nimeyasema kwa wenyewe, ukitaka yatangaze. Ila wamo humu wanawake ishirini na wawili waliotoa unga wao na usingizi wao, na waume zao wapo. Ukiulizwa habari za mwaka huu katika nyumba ya inginia, tafadhali, sema kulikuwa na msiba.